Starfleet ni jeshi au siyo jeshi? Tuweke maneno ya makapteni pembeni, tuangalie muundo

Darubini (mleta uzi)

Wakuu, nazungumzia Starfleet ya Star Trek, kikosi cha meli za anga cha Shirikisho la Sayari. Swali hili kila likianzishwa linaishia palepale, kwa sababu kila upande una kauli yake ya kuchomoa mfukoni. Mmoja anamleta Picard, kapteni wa meli ya Enterprise-D, ambaye mwaka 1989 katika kipindi cha "Peak Performance" alisema Starfleet si taasisi ya kijeshi, kazi yake ni uchunguzi. Mwingine anamjibu na Kirk wa 1967, kapteni wa Enterprise ya awali, katika "Errand of Mercy", anayejiita askari na kusema yeye si mwanadiplomasia. Wa tatu anamleta Scotty, mhandisi wa Kirk, wa filamu ya 2013, anayelalamika kuwa safari waliyopewa ni operesheni ya kijeshi wakati yeye alidhani wao ni wavumbuzi. Sare.

Kwa hiyo humu naomba masharti matatu. Tutumie yaliyoonekana kwenye skrini tu. Riwaya na michezo ya kompyuta tuiache. Mtu ataje zama anazozungumzia, maana Starfleet ya miaka ya 2150, kabla Shirikisho halijaundwa mwaka 2161, si ile ya wakati wa vita na dola adui ya Dominion. Na kauli ya mhusika ihesabiwe kuwa maoni ya mhusika. Picard aliyasema yale akiwa katikati ya maandalizi ya mazoezi ya kivita dhidi ya meli ya Hathaway, mazoezi yaliyopangwa kwa sababu Borg, maadui walio nusu mashine, walikuwa njiani. Tuangalie nani anaamuru nani, nani anaadhibiwa na nani, na meli imebeba nini.

Sheria Mkononi

Basi tuanze na kipimo ambacho hakikutungwa na mashabiki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 29, unaeleza manowari ni meli ya namna gani. Kinachowashangaza wengi ni kwamba ibara hiyo haitaji mzinga hata mmoja. Inataka meli iwe mali ya majeshi ya nchi. Iwe na alama za nje zinazoitambulisha kuwa ya aina hiyo na ya taifa gani. Iongozwe na afisa mwenye kamisheni ya serikali ambaye jina lake limo kwenye orodha rasmi ya maafisa. Na wafanyakazi wake wawe chini ya nidhamu ya kijeshi.

Ipime Enterprise. Alama za nje: NCC-1701 imeandikwa kwa herufi za kusomeka mbali, juu ya sahani, ile sehemu ya mbele ya meli yenye umbo la duara. Afisa mwenye kamisheni: hakuna ubishi. Nidhamu: kipindi cha "Court Martial" cha 1967 kinamweka Kirk mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kifo cha afisa wake Finney, na "The Measure of a Man" cha 1989 kinatuonyesha ofisi ya mwanasheria wa kijeshi ikiamua kama Data, afisa ambaye ni roboti, ana haki ya kujiuzulu. Masharti matatu yametimia. La kwanza ndilo lenye kona, kwa sababu linasema "mali ya majeshi", na hilo ndilo tunalobishania. Ukilitumia unazunguka mti.

Ndiyo maana ni afadhali kuhamia Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, ibara ya 43. Hiyo inasema majeshi ya upande wowote ni vikosi vyote vyenye silaha, vilivyopangwa, vilivyo chini ya kamandi inayowajibika kwa upande huo kwa matendo ya walio chini yake, na vyenye mfumo wa ndani wa nidhamu wa kuhakikisha sheria za vita zinafuatwa. Haiulizi nia. Haiulizi mnaamka asubuhi mkiwa na hamu ya kupima nyota au kupigana. Kwa kipimo hiki Starfleet inapita bila kusukumwa.

Bi Falaki

Sheria Mkononi umeruka shimo moja. Vyeo, sare na kamisheni havitoshi. Marekani ina huduma nane za watu wenye sare, lakini sita tu ndizo majeshi. Mbili zilizobaki ni kamisheni ya huduma ya afya ya umma na ile ya NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa. Maafisa wa NOAA wanaitwa luteni, kamanda, kapteni na admirali. Wanaendesha meli za utafiti na ndege zinazoingia ndani ya vimbunga. Hawana silaha, na hakuna anayewaita wanajeshi.

Mtu aliyekaa kwenye daraja la Enterprise akasikia "luteni kamanda" hajathibitisha chochote. Picha halisi ya Starfleet ni NOAA iliyopewa ngao na silaha za kujilinda kwa sababu jirani zake ni maadui kama Waromula.

Mwanamaji wa Nchi Kavu

"NOAA iliyopewa silaha za kujilinda." Dada, pale ulipoongeza silaha ndipo ulipotoka kwenye NOAA.

Tena mfano wako una ndugu mkubwa zaidi. Uchunguzi ni kazi ya kale kabisa ya majeshi ya majini. James Cook aliondoka 1768 na Endeavour, chombo cha jeshi la majini la Uingereza, kwenda Tahiti kupima Zuhura ikipita mbele ya jua mwaka 1769. Hiyo ndiyo kazi iliyotangazwa. Mfukoni alikuwa na maagizo ya siri ya kutafuta bara la kusini. Beagle iliyomzungusha Darwin kuanzia 1831 hadi 1836 ilijengwa kama meli ndogo ya mizinga kumi, na nahodha wake FitzRoy alikuwa afisa wa jeshi. Kazi yake ya kila siku? Kupima kina cha maji na kuchora pwani.

Anayefaa zaidi hapa ni Challenger, 1872 hadi 1876. Ili wanasayansi wapate maabara, mizinga yote iling'olewa isipokuwa miwili. Meli ikabaki ya jeshi, mabaharia wakabaki wa jeshi, safari ikazaa misingi ya elimu ya bahari tunayoijua leo. Hakuna aliyeona mgongano. Sasa linganisha na Enterprise-D: hawa hawakung'oa kitu. Walijenga maabara NA wakaacha mizinga.

Chungu Kidogo

Kuhusu mizinga, mnasahau kipindi cha "Conundrum", 1992. Wafanyakazi wote wamefutiwa kumbukumbu. Hawajui wao ni nani wala meli ni ya nini. Worf, afisa wa usalama wa Enterprise-D, anahesabu silaha: vituo kumi vya feza (silaha za miale), topido 250 za fotoni, ngao za uwezo mkubwa. Anahitimisha kuwa wako ndani ya meli ya vita. Mtu asiyejua hotuba za Picard aliangalia stoo tu, akajua.

Bi Falaki

Chungu, kimalizie hicho kipindi. Adui waliyetumwa kumwangamiza, Walysia, wanafikiwa na wanaonekana hawana ubavu wowote mbele ya Enterprise. Picard, bado hana kumbukumbu, anakataa kupiga. Amri ipo kwenye kompyuta, silaha zipo, na bado anakataa kwa sababu vita visivyo na uwiano vile haviingii akilini. Ukitumia kumbukumbu iliyofutwa kama kipimo, kipimo hicho kimetoa majibu mawili: stoo inasema vita, mtu anasema hapana.

Sheria Mkononi

Hoja nzuri, lakini afisa anayekataa amri batili hajaacha kuwa mwanajeshi. Sheria za kijeshi za nchi nyingi zinamtaka akatae. Ulichokithibitisha ni kwamba Picard ni afisa mzuri.

Nina ushahidi mwingine ambao naona haujibiki. "Chain of Command", 1992. Picard, Worf na Dk. Crusher wanatumwa kwa siri Celtris III, Picard anakamatwa na maadui, Wakardasia. Ubishi unaofuata ni wa kisheria: Shirikisho likikiri kuwa alitumwa, analindwa na Mkataba wa Seldonis IV unaohusu mateka wa vita, likikana, anashughulikiwa kama mhalifu. Sasa jiulize, nani hupewa hadhi ya mateka wa vita? Mwanasayansi raia aliyepotea njia hadai hadhi hiyo, kwa sababu raia ana ulinzi wake mwingine. Starfleet inadai haki za mpiganaji pale mtu wake anapokamatwa, halafu inakana upiganaji pale inapojitambulisha kwa wageni.

Kipimapembe

Naona tunapima kitu kimoja kwa rula ya kitu kingine. Tuwe na hesabu.

Enterprise-D ya kawaida ina watu 1,014, wakiwemo watoto na wenza. Katika "Yesterday's Enterprise" (1990) historia inapinda na Shirikisho liko vitani na Waklingoni kwa miaka mingi. Meli ileile, umbo lilelile, inatajwa kuwa na uwezo wa kusafirisha askari zaidi ya 6,000. Watoto hakuna. Taa zimepunguzwa, silaha viunoni. Hapo mnaona nafasi iliyokuwa inakaliwa na madarasa, maabara na familia ni kiasi gani. Chombo kilichojengwa kwa vita tangu mwanzo hakiachi nafasi hiyo, kwa sababu kila mita ya ujazo inayolindwa na ngao ina gharama ya nishati.

Mfano wa kinyume ni meli ya Defiant. Ilibuniwa kupambana na Borg: ndogo, feza za mapigo, topido za kwanta, deraya inayoyeyuka kwa tabaka ili ibebe joto la pigo. Vyumba vya kulala finyu, hakuna familia. Ilivyojengwa mara ya kwanza ilikuwa na nguvu kupita kiasi kwa ukubwa wake, ikawa karibu ijirarue kwenye majaribio, ikawekwa kando mpaka Sisko, kamanda wa kituo cha Deep Space Nine, alipoiomba. Na sikilizeni daraja lake rasmi: meli ya kusindikiza. Sisko mwenyewe katika "The Search" (1994) anakiri kuwa hilo ni jina la karatasini, kwamba ni meli ya vita basi.

Jina hilo si utani wa waandishi tu. Japani, ambayo katiba yake ya 1947 katika ibara ya 9 inakataa kuwa na majeshi, ina Vikosi vya Kujilinda tangu 1954, na meli zake ambazo kwingine zingeitwa manowari za kuharibu huitwa meli za kusindikiza. Nguvu ileile, jina la upole. Jina linasaidia bungeni. Kwenye rada halibadilishi chochote.

Darubini

Kipimapembe umenigusa kwenye jina. Upande wa pili pia wanacheza mchezo huo: jeshi la Waklingoni linaitwa la kujihami, na hao ndio waliovamia Kardasia.

Kobe wa Mwezini

Naingilia kidogo upande wa lugha, maana naona ubishi huu tumeuazima pamoja na maneno yake. Kwa Kiswahili "jeshi" halijawahi kuwa la bunduki tu. Tunasema jeshi la polisi, jeshi la magereza, jeshi la zimamoto, na Jeshi la Wokovu linapiga tarumbeta Jumapili bila kumpiga mtu. Kwetu jeshi ni watu wengi wenye sare, ngazi za vyeo na amri inayoshuka kutoka juu. Kwa maana hiyo swali la kichwa cha uzi lilijibiwa kabla ya kuulizwa: ni jeshi.

Kinachobishaniwa kinafaa kuulizwa hivi: je, ni jeshi la ulinzi? Yaani ndilo linalopewa dhamana ya vita? Hapo jibu linatafutwa kwa njia rahisi sana. Tafuta mwingine. Shirikisho la karne ya 24 likishambuliwa, nani mwingine anajitokeza? Hayupo.

Bi Falaki

Kobe, hilo la "tafuta mwingine" ndilo lililonikaa kooni tangu mwanzo, nakiri. Lakini angalieni lilivyokuwa zamani. Mwaka 2153, katika msimu wa tatu wa tamthilia ya "Enterprise" uliorushwa 2003, Kapteni Archer anapokwenda kuwasaka Waxindi walioishambulia Dunia anapakia kikosi cha MACO chini ya Meja Hayes. MACO ndio wanajeshi. Wana sare zao na mafunzo yao, na Reed, mkuu wa silaha wa Starfleet, anavutana na Hayes mpaka wanarushiana ngumi. Kwa hiyo tofauti ilikuwepo, ndani ya korido moja: hawa askari, hawa wavumbuzi. Filamu ya 2016 inaendelea: Shirikisho likaundwa, MACO wakavunjwa, na Edison aliyekuwa mmoja wao akapewa meli ya Franklin, jambo lililomtafuna mpaka akawa Krall, adui wa filamu hiyo.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka hivi. Starfleet ilizaliwa si jeshi. Ikabaki peke yake baada ya jeshi kuvunjwa, ikarithi kazi bila kurithi ujuzi. Na kama mnasisitiza kuwa ni jeshi, basi ni jeshi bovu.

Mwanamaji wa Nchi Kavu

Hapo kwenye ubovu nakuunga mkono mia kwa mia, na ndipo penye utamu. Tuangalie panapovuja.

Kwanza familia. Mapigano ya Wolf 359, mwaka 2367: meli 40 zinakutana na mchemraba mmoja wa Borg, 39 zinaangamia, karibu watu 11,000 wanakufa. Meli ya Saratoga ilikuwa na familia ndani. Sisko anatoka na mwanawe Jake na kumwacha mkewe Jennifer kwenye moto. Enterprise-D ilitakiwa kulitatua hili kwa kutenganisha sahani: raia wanabaki kwenye sahani, sehemu ya nyuma inakwenda kupigana. Tumeona ikifanyika mara chache mno. Kwanini? Utenganishaji unataka muda kabla ya pigo la kwanza, na adui hakupi muda. Pia injini kuu inabaki upande wa nyuma, kwa hiyo sahani yenye watoto haiwezi kukimbia kwa kasi ya kupita mwanga. Umewahamisha kutoka kwenye shabaha moja inayokimbia hadi kwenye shabaha isiyokimbia.

Pili nchi kavu. "The Siege of AR-558" (1998): kikosi kinashikilia kituo cha mawasiliano cha Dominion kwa miezi, hakibadilishwi, zaidi ya theluthi mbili wameshakufa. Kanuni ya kawaida ya kikosi cha mstari wa mbele ni zamu: unakaa muda uliopangwa, unatolewa, unalala, unarudi. Pale zamu haikuwepo kwa sababu hapakuwa na akiba ya askari wa nchi kavu. Hawana magari ya deraya wala mizinga ya kufyatua kutoka nyuma ya kilima. Wana bunduki za mkononi na mabomu ya kutegwa ya adui waliyoyageuza. Ukivunja MACO halafu ukabaki na wahandisi na mabaharia, hivi ndivyo vita vya ardhini vinavyokuwa.

Tatu zamu za melini. Kapteni Jellico alipoingia Enterprise-D badala ya Picard akataka zamu nne badala ya tatu, wengi wanamchukia. Lakini zamu nne maana yake saa sita kwa mtu badala ya nane, umakini zaidi kwenye vituo vya silaha. Kosa lake lilikuwa kulazimisha mabadiliko ndani ya siku moja huku wahandisi wanafumua mitambo kwa amri zake nyingine. Riker, msaidizi wake, naye akachelewesha amri halali. Kwenye meli ya kijeshi hilo la pili ndilo kosa kubwa, na yeye akaliona kama ushauri.

Chungu Kidogo

Kwa hiyo ni jeshi linalojiona klabu ya sayansi.

Kipimapembe

Au klabu ya sayansi yenye Amri Kuu ya 24. "A Taste of Armageddon", 1967. Kirk anamwambia Scotty aitekeleze ndani ya saa mbili asipopata habari zake: kuangamiza uso wa Eminiar VII. Haikutungwa papo kwa hapo. Ina namba, imo kwenye kanuni, na Scotty haulizi maana yake. Chombo chochote chenye utaratibu ulioandikwa wa kufuta sayari kiwekwe kwenye kundi lake kabla hatujaangalia darubini zake.

Sheria Mkononi

Kuna kipande bado hakijaguswa: nani juu yao. Jeshi la nchi yenye utawala wa kiraia linatambulika pia kwa hofu linayowapa raia. Hakuna anayeogopa idara ya hali ya hewa ipindue serikali. Katika "Homefront" na "Paradise Lost" (1996), Admirali Leyton anatumia hofu ya Wachangeling, maadui wanaojigeuza umbo. Kadeti wa Red Squad wanahujumu mfumo wa umeme wa Dunia, Rais Jaresh-Inyo anashawishika kutangaza hali ya hatari, na maafisa wa Starfleet wanasimama mitaani na bunduki. Meli ya Lakota inaipiga Defiant, Starfleet kwa Starfleet. Ule ni jaribio la mapinduzi kwa hatua zake zote: tengeneza tishio, zima umeme, weka askari mitaani, zuia shahidi asifike. Kilichomshinda Leyton ni maafisa wake mwenyewe kuacha kutii.

Upande wa afya ya mfumo, filamu ya 1986 inaonyesha Kirk akisomewa mashtaka na Rais mbele ya Baraza la Shirikisho na kushushwa cheo. Raia anamvua admirali nyota. Huo ndio mnyororo wa amri unaotakiwa.

Darubini

Kwa wanaotunga vikosi vyao wenyewe vya anga, maana wamo humu na wameanza kuniuliza pembeni: msianze na sare. Amueni kwanza nini kinatokea mtu akikataa amri. Akifukuzwa kazi tu, mmeunda shirika. Akifungwa, mmeunda jeshi. Halafu amueni kama anaweza kuacha kazi katikati ya safari: Worf alivua alama yake katika "Redemption" (1991), akaenda kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waklingoni, kisha akarudi kwenye kiti chake kama aliyetoka likizo. Jeshi linaloruhusu hivyo wakati wa hatari litakosa watu kwenye vituo siku ya tatu, kwa hiyo wekeni kipengele cha kuzuia kujiuzulu meli ikiwa kwenye tahadhari. Na andikeni nani anafungua stoo ya topido. Meli ya Voyager iliondoka na topido 38 na hakuna kiwanda njiani. Nahodha anayehesabu makombora yake hupanga safari tofauti na asiyehesabu.

Bi Falaki

Nabaki na jambo moja ambalo hamjaligusa. Kwenye "Yesterday's Enterprise", ile historia iliyopinda, Picard hasomi kumbukumbu ya kapteni. Anasoma kumbukumbu ya kijeshi, na tarehe anaiita ya mapambano. Meli ileile, mtu yuleyule, cheo kilekile. Kama tayari walikuwa jeshi, kwanini daftari lilibadilishwa jina?

Mwanamaji wa Nchi Kavu

Kwa sababu wakati wa amani Challenger nayo iliandika kina cha maji kwenye daftari lake. Mizinga miwili ilikuwa bado iko sitahani.

Bi Falaki

Miwili, mkuu. Si topido 250.

Mwanamaji wa Nchi Kavu

Dada, hiyo umeifunga kwenye goli lako.